Kurikodi TV: king'amuzi chenye diski ndani, cha kuchomeka flashi, au TV yenyewe? Siku nane za mwanzo na maoni yenu

Mkaazi wa Fuoni

Assalamu alaykum.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilinunua Darajani king'amuzi chenye diski ndani yake. Mwenye duka kanipa siku kumi na nne za kukirejesha kama hakitonifaa, na leo ni ya nane. Naandika nilivyokiona mpaka sasa, na nyinyi mnaotumia vyengine nakuombeni mnambie vyenu vikoje, maana fedha niliyotoa si ndogo.

Sababu ya kukitaka ni hii. Nafanya kazi bandarini kwa zamu, na nikifika nyumbani mara nyingi mpira umekwisha na taarifa ya habari imeshapita. Ramadhani ndiyo zaidi: saa mbili usiku nyumba nzima iko kwenye tarawehe isipokuwa mama, ambaye miguu haimruhusu tena. Na ile Agosti 2025, Sudan walipoifunga Nigeria mabao manne kwa bila kwenye CHAN, hapa hapa Amaan, mie nilikuwa zamu. Mechi inachezwa mjini kwetu, nchi za watu zinaitazama, mimi nayasikia mabao kwenye redio ya mlinzi wa geti. Siku ile ndiyo niliyosema lazima nipate kitu cha kurikodi.

Haya, kifaa chenyewe. Kuwaka kinachukua muda: nilikipima kwa saa ya simu, sekunde hamsini na tano tangu kuchomeka waya hadi kupata picha. Kama kimelala tu kwenye taa nyekundu, ni sekunde tano. Picha safi. Rimoti nzito, vitufe vinabonyea vizuri, na kile chekundu cha kurikodi kiko pahala ambapo dole gumba linakifikia bila kutafuta.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kusimamisha matangazo. Mama alipigiwa simu na dada yake wa Pemba katikati ya tamthilia. Nikabonyeza, picha ikaganda. Wakazungumza dakika ishirini, khalafu nikabonyeza tena na tamthilia ikaendelea pale pale ilipoachia. Mama akaniuliza kama na majirani nao walisubiri. Tangu hapo rimoti anaiweka ubavuni kwake.

Diski ni ya GB 500. Nimepima mwenyewe: saa moja ya chaneli ya kawaida imekula GB 1.8 hivi, saa moja ya HD karibu GB 3.5. Kwa hivyo nafasi si tatizo, hata nikirikodi kila siku.

Yaliyonikera sasa. Kwanza, usiku nyumba ikitulia unaisikia diski inavuma, na juu ya boksi pana moto. Pili, rikodi hazitoki. Pana tundu la USB nyuma lakini ukichomeka flashi kinakuonesha picha na nyimbo zako tu. Cha kwake hakikupi. Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi: Jumanne umeme ulikatika saa tatu na nusu usiku, mechi ikiwa dakika ya sitini. Uliporudi, rikodi yote ya mechi ile haipo. Si dakika za mwisho tu, yote. Kwenye orodha jina lipo, ukilifungua kinakwambia faili limeharibika.

Na taima ya kwanza niliyoweka ilirikodi kitu chengine kabisa. Niliandika 20:00, kikaanza saa tano usiku. Hilo nililijua baadae: saa ya boksi ilikuwa nyuma kwa saa tatu, imewekwa sifuri badala ya +3. Nimeirekebisha.

Swali langu: nikae nacho, au nirejeshe nichukue kile kidogo cha kuchomeka flashi? Na wanaorikodi kwenye TV moja kwa moja wanaonaje?

Mpenda Mpira, Jang'ombe

Waalaykumu ssalaam sheikh. Mie natumia kidogo cha antena cha kuchomeka diski ya nje, mwaka wa pili huu. Kilinigharimu chini ya laki moja, diski nikawa nayo ya zamani ya kompyuta.

Uzuri wake ni mmoja mkubwa: rikodi ni faili. Naichomoa diski, natia kwenye laptopu, nafungua kwa VLC, naangalia. Mwenzangu akitaka, nampa. Ubaya wake ni kuwa kina tyuna moja. Nikirikodi chaneli hii siwezi kutazama nyengine, isipokuwa zile zinazorushwa pamoja nayo kwenye masafa mamoja. Kwa hivyo wakati mechi inarikodiwa, watoto wanachagua baina ya chaneli nne tano tu. Chako nadhani kina tyuna mbili au zaidi, hapo umetushinda.

Na za kulipia usizitarajie. Changu kinashika za bure tu.

Ushauri wa mpira: usirikodi kwa kufuata saa ya kwenye ratiba. Anza dakika tano kabla, na mwisho ongeza saa nzima ikiwa ni mechi ya mtoano. Mie nusu fainali moja nimeikosa penalti zote.

Binti Wete

Mimi nitasema la TV, kwa sababu nimelipa bei yake.

Tulinunua TV nzuri ya kampuni kubwa, ina sehemu ya kurikodi ndani ya menyu. Hapana boksi, hapana rimoti ya pili, unachomeka diski nyuma tu. Kwa mwaka mmoja nilikuwa namsifia kila anayekuja nyumbani. Nilirikodi mambo mengi mle, na nililolienzi zaidi ni fainali ya Kombe la Mapinduzi ya Januari 2025 pale Gombani, Zanzibar Heroes na Burkina Faso, 2-1. Kaka yangu alikuwepo jukwaani na kamera ilimpitia. Sekunde mbili tatu tu, lakini anaonekana, kashika bendera, kinywa wazi.

Mwezi wa sita kioo cha TV kikafa. Fundi wa Chake akasema bei ya kioo ni sawa na TV nyengine, tukanunua nyengine. Kampuni ile ile, mpaka sura ile ile! Nikachomeka diski: TV inanambia lazima niifomati. Nikaipeleka kwenye kompyuta: kompyuta haioni chochote. Ndipo nilipoambiwa kuwa TV inazifunga rikodi kwa ufunguo ulio ndani ya TV ile ile moja, na ufunguo ule umeondoka na TV iliyokufa. Diski ninayo hapa kabatini. Sijaifomati na sitaifomati.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Fuoni, kabla ya kuuliza inabeba saa ngapi, uliza rikodi ni ya nani.

Fundi Mlandege

Binti Wete kasema kweli, na pole sana. Hayo nayaona kila mwezi dukani, na kila mara mtu anakuja na diski mkononi akitumaini kuwa mie nina njia. Sina.

Nieleze kidogo ili watu waelewe wanachokinunua. Kuna kufuli za aina mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kifaa: TV au boksi linaandika rikodi kwa siri yake, diski haisomeki pengine popote. Ya pili ni ya kifurushi: chaneli ya kulipia inakuja imefungwa, na katika maboksi mengi rikodi yake inafunguka madhali kadi iko hai. Kifurushi kikikwisha, orodha unaiona, picha huioni. Mteja anadhani boksi limeharibika, kumbe anatakiwa alipie kwanza. Boksi la chaneli za bure linaloandika mafaili ya kawaida ya video, yale ya TS, halina kufuli yoyote kati ya hizo.

La umeme sasa. Mkaazi wa Fuoni, rikodi yako haikuondoka yote. Picha za dakika sitini zipo kwenye diski. Kilichokosekana ni orodha ya mafungu yake, ambayo boksi lako linaiandika mwisho, wakati wa kufunga faili. Umeme ukikatika kabla, faili linabaki kama kitabu kisichotiwa nambari za kurasa, na boksi halijui pa kuanzia. Maboksi mengine yanakata rikodi vipande vipande na kukifunga kila kipande kinapojaa. Hapo ukikatika unapoteza kipande cha mwisho tu. Hili halimo kwenye kijitabu wala kwenye maandishi ya boksi. Lijaribu kwa mkono: anza kurikodi, ngoja dakika kumi, chomoa waya ukutani, rudisha, tizama kilichobaki. Muuzaji anayekukatalia jaribio hilo, toka nje.

Na dawa ya umeme si ghali. Geuza adapta ya boksi usome: vidogo vingi ni volti 12 na ampea 1.5 au 2. Vile vibetri vya kushikilia ruta ya intaneti vinatoa hizo hizo volti 12. Hakikisha mambo mawili: ampea za kibetri zisipungue zile za adapta, na ncha ya ndani ya plagi iwe ya chanya kama ya adapta yako. Boksi litaendelea kurikodi TV ikiwa imezima. Kukatika kwa dakika kumi au ishirini, ambako ndiko kwingi, hutokujua hata kama kulitokea.

Mama wa Wanne, Kiembesamaki

Fundi kamaliza ya fundi, mie nina ya nyumbani.

Mkaazi wa Fuoni, umesema juu ya boksi pana moto. Mama hajakiwekea kitambaa? Maana kwetu kila kitu cha sebuleni kina kitambaa chake cha kufuma, na mama mkwe wangu alikiwekea king'amuzi chetu kimoja kizuri cheupe, kina mashada pembeni, kimeziba matundu yote ya hewa. Kikawa kinazima chenyewe kila baada ya saa moja. Wiki mbili tunamtafuta mchawi wa umeme.

La pili ni saa. Boksi linahesabu saa za kizungu, sisi tunasema saa zetu, na watoto ndio wanaoweka taima. Mwanangu nilimwambia taarifa ya habari saa mbili usiku, akaandika 02:00. Tukarikodi usiku wa manane. Nimeandika karatasi nikaibandika ukutani: kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni ongeza 6, yaani saa kumi jioni ni 16:00. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa tano usiku ongeza 18, saa mbili inakuwa 20:00. Saa sita usiku ni 00:00, na baada ya hapo toa 6, saa nane ya usiku ni 02:00. Tangu karatasi ile hatujakosea.

La tatu ni siku, na hili ndilo gumu. Mama mkwe akisema kipindi kiko usiku wa Ijumaa, anakusudia Alkhamisi baada ya magharibi, kama walivyosema wazee wote. Boksi linajua siku inageuka saa sita ya usiku. Ukiandika Ijumaa umekosa kipindi kwa siku nzima, na mzee hakukosea hata kidogo. Muulize kila mara: huo usiku unaokuja kabla ya sala ya Ijumaa au baada yake?

Mkaazi wa Fuoni

Mama wa Wanne, Mungu akujaalie kheri. Nimesoma hapa nikanyanyuka kwenda sebuleni. Kitambaa kipo. Cha buluu. Nimekishusha chini ya boksi badala ya juu yake, na mama kakubali baada ya kumtilia mkono kwenye matundu akasikia joto mwenyewe.

Na la usiku wa Ijumaa limenifungua macho. Mama ana kipindi cha kisomo anachokipenda, nikamrikodia Ijumaa, akanambia "siye huyu". Nikadhani wamebadilisha ratiba.

Nahodha wa Nungwi

Jamani kwani intaneti haipo? Mie taarifa ya habari naiangalia YouTube nikirudi baharini, mechi naangalia vipande vya mabao. Sijanunua boksi lolote.

Mpenda Mpira, Jang'ombe

Nahodha, kwa habari uko sawa kabisa. Lakini mpira wa dakika tisini kwa bando ni hesabu nyengine, na mechi nyingi nzima haziwekwi. Vipande vya mabao vinakuonesha bao, havikuoneshi lilivyojengwa.

Babu wa Mkunazini

Wanangu, assalamu alaykum. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mie nasema.

Nimesikiliza yote mliyoyasema na nina neno kwa huyu kijana wa Fuoni. Televisheni ya rangi tulikuwa nayo Unguja tangu miaka ya mwanzo ya 1970, Bara ikaja kuingia miaka ya 1990. Nami nilikuwa na deki mapema, ndugu yangu baharia aliniletea kutoka Dubai. Kanda ya E-180 inachukua saa tatu. Deki ikiwa na mwendo wa pole, saa sita, ila picha inafifia na sauti inakuwa na upepo. Nilikuwa narikodi tarabu za sikukuu. Usiku wa Idi, watu wako nje Mnazi Mmoja, mie niko ndani namngojea msomaji amalize kutaja majina ya wanamuziki ndio nibonyeze.

Marehemu kaka yangu mkubwa alikuwa akipiga kanuni, kile chombo cha nyuzi cha tarabu. Nilikuwa na kanda moja ambayo kamera ilimtulia yeye peke yake kwa wimbo mzima. Vidole vinaonekana, na ile pete yake ya feruzi. Alipofariki, kanda ile ndiyo iliyokuwa ikitoka kila Idi, wanawe wanakaa chini kwenye mkeka wanaitazama.

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010. Deki haikuwashwa. Kanda zikakaa kabatini, na umeme unarudi masika nayo yanaingia. Nilipokuja kuifungua ile kanda, utepe umeota ukungu mweupe kama unga. Mtu akanambia usiitie kwenye deki, itaharibu kichwa. Mwengine akanambia itie. Nikaitia. Ikakatika.

Ilikuwa nakala moja tu. Deki nilikuwa nayo moja, na kunakili kanda kulitaka deki mbili na waya. Jirani yangu alikuwa na ya pili miaka yote ile, ukuta kwa ukuta.

Nyinyi leo kunakili ni kubonyeza. Basi chukua kinachokupa nakala, mwanangu. Hata kama picha ya kile chengine ni nzuri zaidi.

Binti Wete

Babu, Mungu amrehemu kaka yako. Nimeisoma mara mbili.

Fundi Mlandege

Amin. Babu, kama ule utepe uliokatika bado unao, usiutupe na usiutie tena kwenye deki. Utepe uliokatika huungwa, na ukungu husafishwa taratibu kwa mkono ukiwa mkavu kabisa. Kinachopotea ni pale palipokatika na palipoliwa, si wimbo wote. Mlete mjukuu na kanda yenyewe dukani, tuitazame tu kwanza. Sitaki malipo ya kuitazama.

Babu wa Mkunazini

Ninao. Umo kwenye mkebe wa biskuti. Atakuja Jumatatu inshaallah.

Mwalimu Chake

Mie nina swali moja kwa Fundi. Nataka kutumia diski ya nje kama Mpenda Mpira, lakini yangu ikichomekwa inalia tik, tik, tik, na boksi linasema hakuna diski. Kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri.

Na jengine: vitu hivi vinakula umeme gani vikiachwa usiku na mchana?

Fundi Mlandege

Mwalimu, diski yako ina njaa, haina ugonjwa. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, na diski ya kuzunguka inapoanza kujizungusha inataka karibu mara mbili ya hizo. Kompyuta yako inavumilia, boksi halivumilii. Tia waya wenye vichwa viwili, kimoja kwenye boksi na kimoja kwenye chaja ya simu, au tumia diski ya SSD ambayo haina kitu kinachozunguka. Flashi nayo inafaa kwa habari na vipindi vifupi, lakini za bei rahisi zinaandika polepole, na kwa HD utaona picha inakatakata. Kosa hilo ni la flashi, watu wanalaumu antena.

Umeme: boksi la wati 15 likiachwa mwezi mzima bila kuzimwa ni karibu uniti 11. Likilala kwenye taa nyekundu na kuamka kwa taima tu, ni kidogo sana kuliko hizo.

Na kwa wa Pemba na wa kando ya bahari wote: chumvi. Kile kichwa cha waya wa antena kwa nje kifunge utepe wa mpira vizuri. Picha ikiwa inaganda jioni tu au wakati wa unyevu, kabla ya kulaumu boksi kifungue ukitazame. Kikiwa na kijani, umeshapata jawabu.

Binti Wete

Kwa wanaotumia dishi nami niongeze. Kwetu mvua kubwa ya masika inapoteza picha, na boksi linaendelea kurikodi utupu kana kwamba hapana kilichotokea. Ukija unakuta saa mbili za weusi. Dishi la Azam linatazama magharibi, setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki na sisi tuko karibu 40, na upande ule wa magharibi jirani ana mkarafuu unaokua kila mwaka. Antena kwa mvua ni imara zaidi. Kwa kitu nisichotaka kukikosa kabisa, kama kinarushwa huku na huku, narikodi cha antena.

Mkaazi wa Fuoni

Nimerudi kukupeni khabari.

Jana nilikwenda Darajani na boksi langu ndani ya katuni yake. Mwenye duka hakufurahi, lakini alitimiza ahadi yake na nashukuru. Nikamwambia nataka kile kidogo cha antena, na kabla ya kulipa nikamuomba tukijaribu kama Fundi alivyosema. Tukachomeka diski, tukaanza kurikodi, tukanywa chai. Baada ya dakika kumi na mbili nikachomoa waya ukutani. Kilipowaka tena, orodha ina rikodi ya dakika kumi. Dakika mbili za mwisho hazipo. Watu watatu waliokuwa dukani wakataka kuona tena, tukarejea. Safari ya pili pia kilichokuwa kimeshafungwa kilibaki.

Sikudanganyeni, nimepoteza mambo. Picha ya menyu ni ya zamani, maandishi madogo mama hayasomi. Kusimamisha matangazo kupo lakini kunachelewa sekunde mbili tatu baada ya kubonyeza, na mama kashalalamika. Mechi za kulipia sitozirikodi tena. Hizo nitaziangalia moja kwa moja nikijaaliwa kuwepo, nisipojaaliwa basi. Ikiwa mtu haja yake ni mpira wa Ulaya tu na hana haja ya kuhifadhi, kile chenye diski ndani ni bora, nasema wazi. Tyuna zake na wepesi wake sijaviona pengine.

Lakini nilipomsoma Babu niliangalia orodha ya nilivyorikodi kwa siku nane, nikajiuliza nini humo nitakitaka baada ya miaka kumi. Mechi hazikuwemo. Kilikuwemo kipindi kimoja kilichorikodiwa Makunduchi, nyumba mbili kutoka pale alipozaliwa mama, na yeye mwenyewe alinionesha mwembe anaoujua. Kile kimerudi dukani pamoja na boksi. Hakikutoka.

Kibetri cha ruta nimenunua, volti 12 ampea 2, ncha ya ndani ni chanya, nimesoma kama nilivyofundishwa. Kitambaa cha buluu kiko chini.

Leo Alkhamisi, yaani usiku wa Ijumaa. Nimeweka taima 20:55 hadi 22:30 kwa kisomo cha mama. Anataka nakala iende Pemba kwa dada yake, ndiye huyo wa simu ya dakika ishirini. Mama mkubwa ana TV tu, hana kompyuta. Flashi niifomati vipi ili TV yake iisome?

Fundi Mlandege

Fomati FAT32, TV karibu zote zinaisoma. Faili moja lisizidi GB 4, halitoingia. Lakini saa moja na nusu ya chaneli ya kawaida kwa kipimo chako mwenyewe ni kama GB 2.8, kwa hivyo litaingia zima. Jaribu kwanza kwenye TV ya jirani ambayo si yako kabla hujaipa meli. Na ile ya asili iache kwenye diski, usiihamishe. Nakili.